Historia ya Dada Rudia na Kompyuta ya Tatu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu ninayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye kazini walimwita Dada Rudia, jina alilolitolea jasho.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, sekondari hadi 1998, akahitimu chuo cha kompyuta mwaka 2001, na tarehe 2 Februari 2004 akaajiriwa na kampuni inayotengeneza programu ya kukokotoa dozi za watoto.

Mwezi Agosti 2006, kwenye kompyuta ya zahanati moja yenye mfumo endeshi tofauti na wa ofisini, nukta ya desimali ilipotea, dozi ya mililita 2.5 ikasomeka 25, bahati muuguzi akashtuka kabla hajampa mtoto, na fundi aliyeiandika programu akajitetea, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Dada akamjibu kwamba wagonjwa hawatibiwi mezani kwake, kisha akadai chumba, akapanga kompyuta tatu za mifumo mitatu, akaandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kila programu inapoguswa, na bila alama tatu za kijani, moja ya kufaulu kwa kila kompyuta, hakutia sahihi, alisema tu "Rudia", wakubwa wanune wasinune.

Fundi umeme aliyekuja kufunga soketi za chumba hicho, kazi ya siku moja, aliimaliza kwa wiki tatu, wakafunga ndoa yeye na dada tarehe 15 Septemba 2007, wakajaliwa binti mwaka 2009 na mvulana mwaka 2012.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, lakini hata kitandani alikuwa na kompyuta mapajani, akilijaribu toleo jipya la programu, na tarehe 9 Aprili 2024 asubuhi aliniuliza kama ile kompyuta ya tatu imegeuka kijani, nami nikatamani kumdanganya, nikashindwa, nikasema, "Bado, dada." Akasema, "Basi lisitoke," na saa nane mchana akatutoka, na inatuuma mno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotulelea watoto siku zote hizi, na mkurugenzi wa kampuni, aliyeketi hapa mbele, ambaye ametuahidi kwamba toleo hilo halitoki. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake watano ambao hamwaoni hapa, msiwalaumu, wako kwenye chumba chake cha majaribio sasa hivi wanaitafuta hiyo hitilafu, walitaka kuja kumzika, sisi familia ndio tuliowakatalia.

Lala kwa amani, dada, kazi inaendelea.