Gramu Thelathini na Nane

Nje ya lango la kiwanda chetu hapa Timișoara kuna benchi la mbao linalotazama reli za tramu. Saa nne asubuhi tunapewa dakika kumi na tano, nasi tunazimalizia hapo kwa kahawa ya mashine na mbegu za alizeti, maganda tukiyatemea miguuni. Tramu ikipita, kahawa hutikisika vikombeni. Wiki ile habari ilikuwa moja tu: mzani. Injinia aliuweka chini ya bodi ya umeme, akamwita kila mtu achomelee viungo kumi kwa mkono, ili aone tunakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Ukikandamiza mno, vidoa vya shaba hubanduka na bodi nzima hutupwa. Viorica, mwenye miaka miwili tu kazini, alipata gramu thelathini na nane. Sabin, tunayemwita Profesa kwa sababu ndiye aliyetufundisha sote, alipata mia mbili na sitini. Jumatatu injinia angetaja nani akae meza ya dirishani, panapotengenezwa bodi za bei mbaya. Profesa ameikalia miaka kumi na tisa.

— Mzani wa kupimia jibini, alisema Profesa. Ndio mnaupimia mkono wa fundi?

— Wa maabara ule, mzee, akasema Redio, ambaye hajawahi kujua jambo akalinyamazia. Unasikia hata unyoya.

— Basi umesikia unyoya. Yule Viorica na koti lake lote ana kilo ngapi?

Shangazi Veta, mnene kuliko sisi sote, aliendelea kumenya mbegu zake.

— Mimi nilipata tisini, Sabin. Na unaniona nilivyo.

— Wewe ulipimwa lini?

— Jumatano, baada ya Viorica.

— Jumatano, akadakia Redio. Mnaona? Viorica hufunga Jumatano na Ijumaa, hagusi nyama wala maziwa. Mkono uliofunga ni mwepesi. Wewe, mzee, ulikula nini siku hiyo?

— Mafuta ya nguruwe na kitunguu.

— Umejimaliza mwenyewe.

Tulicheka. Profesa hakucheka.

— Nilipimwa saa tatu na nusu, akasema. Saa tatu na nusu tramu inapita. Jengo zima linatetemeka. Hizo gramu ni za tramu.

— Gramu zote hizo?

— Tramu ina tani ngapi, Redio? Hesabu.

Redio alihesabu kweli, macho juu, kisha akaja na lake.

— Mimi nadhani ni ile pete ya Viorica. Ina sumaku. Inavutwa na taa ya juu ya meza, mkono unaning'inia wenyewe.

— Pete ya mama yake ile, alisema Veta. Ya dhahabu.

— Dhahabu ya siku hizi, shangazi, nani anajua ndani kuna nini.

— Na injinia mbona alimpima mara mbili? akauliza Profesa. Mimi mara moja, yeye mara mbili.

— Alimpima mara mbili kwa sababu hakuamini, nilisema mimi. Ya pili ilikuwa thelathini na sita.

Nilijuta papo hapo. Profesa alinitazama kama mtu aliyekuta ufunguo wake mfukoni mwa jirani. Ni yeye aliyewahi kuushika mkono wangu, wiki yangu ya kwanza, akausukuma chini pamoja na chuma cha moto na kuniambia: kandamiza mpaka shaba ikujibu. Nilipata mia moja na kumi. Sikumwambia kamwe kwamba nilifurahi kumshinda.

— Nilimfundisha mimi, akasema taratibu. Kila alichonacho kimetoka kwangu. Hilo mzani hauandiki.

Pembeni ya benchi alikuwa amesimama Otilia, mama wa miaka hamsini hivi, aliyehamia kwetu asubuhi ile kutoka kiwanda cha viatu. Kitambulisho chake kilikuwa bado na plastiki. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, akasema. Mimi nimeshona ngozi, haya ya risasi ya kuchomelea siyajui. Leo wamenionyesha: chuma kinapasha shaba, risasi inayeyuka, inatambaa yenyewe.

— Ndivyo, dada, alisema Redio.

— Sasa mnakandamiza ya nini?

Redio alitema ganda la mbegu. Veta aliangalia vidole vyake. Mimi nilitafuta jibu nikaukuta ule mkono tu, mkono wa Profesa juu ya wangu, zamani, ukiwa mkavu na mtulivu kama meza.

Tukamgeukia yeye, kwa kuwa tangu zamani swali la benchi lile humalizikia kwake. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Kahawa yake ilikuwa ikitikisika, yetu imetulia, viduara vidogo vikikimbizana toka ukingoni hadi katikati. Akakikandamiza kikombe kwenye goti, kwa nguvu, na viduara vikapungua.

 Kisha Redio, bila kumtazama, akanyoosha shingo.

— Tramu hiyo inakuja, akasema.

Sote tukageuka kutazama reli. Zilikuwa tupu mpaka kwenye kona, na tukaendelea kuzitazama hadi kengele ilipolia.