Pampu ya Bweni na Maksi za Poongodi

Benchi la Maragatham, muuza kahawa, liko mkabala na lango la chuo cha uhandisi, nje kidogo ya jiji la Coimbatore, India, na wateja wake wa kila siku hawalihami hata mvua inyeshe. Mmoja wanamwita Simenti, kwa sababu ni mkandarasi na neno lake likishatoka limeganda. Mwingine ni Reli, mstaafu wa stesheni, ambaye akianza hoja hafiki mpaka apite vituo vyote. Asubuhi hiyo Ilango, mwalimu wa mitambo, alikuwa ameketi katikati yao, bilauri ya chuma mkononi, kahawa inapoa. Saa nne alitakiwa kwa mkuu wa idara na maksi za mwisho. Jumatatu wakaguzi wanaingia chuoni.

— Mwalimu, hiyo kahawa unainywa au unaiombea dua? aliuliza Simenti.

— Nina kesi, alisema Ilango. Nimemfelisha binti mmoja, na roho inanisuta.

Akawaeleza. Siku hizi wakaguzi hawaulizi tena mwalimu kafundisha nini. Wanauliza mwanafunzi akitoka ataweza kufanya nini. Kila mwalimu katoa ahadi yake, na ya Ilango ilikuwa hii: mwanafunzi wangu ataweza kujua pampu inaumwa nini, na ataiponya. Kwenye mtihani wa karatasi darasa lilipasua. Kisha juzi pampu ya bweni ikagoma. Nyota wa darasa, wale wa maksi tisini, wakaizunguka na simu zao kama ndugu wa marehemu. Aliyerudisha maji ni Poongodi, ambaye mtihani ulimwangusha vibaya.

— Sasa kesi iko wapi? Simenti akauliza. Mpe maksi, yaishe!

— Thubutu! Reli akadakia. Mtihani ni mtihani. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo inaingiaje hapa, mzee?

— Si tunazungumzia maji?

Maragatham alicheka huku akimimina kahawa kutoka juu, uzi mrefu wa povu.

— Mimi naona hivi, Reli akaendelea. Digrii isitolewe chuoni. Mtu afanye kazi miaka ishirini kwanza, tuone treni ngapi zimeanguka. Apewe cheti akiwa na mvi.

— Na hiyo miaka ishirini atakula wapi?

— Kwao. Mtoto umleavyo ndivyo alalavyo.

— Ndivyo akuavyo!

— Wa kwangu analala. Ana digrii mbili, na hivi tunavyoongea bado hajaamka.

— Dawa ninayo mimi, alisema Simenti. Mhandisi akijenga daraja, siku ya kulifungua alale chini yake na mama mkwe wake. Hapo hadanganyi hesabu.

— Wengine ndipo wangedanganya, alisema Maragatham.

Benchi zima likaangua kicheko. Ilango naye alicheka, ila kicheko hakikushuka moyoni. Akimwongezea Poongodi maksi, mkuu atasema anapika matokeo kwa ajili ya wakaguzi. Asipomwongezea, binti atarudia mwaka, na baba yake alishatamka kwamba akirudia, arudi shambani moja kwa moja.

— Mnapoteza muda kuwauliza watu, alisema Maragatham. Iulizeni pampu. Pampu ndiyo ikae kwenye kikao, ipige kura.

Kabla hawajaamua pampu itakaa kiti gani, Poongodi mwenyewe akavuka barabara.

— Samahani, mwalimu. Nimekukosa ofisini.

— Umekuja kwa ajili ya maksi?

— Hapana. Nina swali. Tangu juzi kila mtu ananisifu, lakini mimi sikuponya kitu. Nilifungua kifuniko cha juu, nikamimina maji, nikafunga, nikawasha. Baba hufanya hivyo shambani. Ila sijui ni kwa nini. Pampu kazi yake ni kupandisha maji. Mbona lazima inyweshwe kwanza?

Simenti akamtazama Reli. Reli akatazama barabara, labda litapita basi limwokoe.

— Ni uzito wa kimiminika, Ilango alianza, ukizidisha kwa mraba wa kasi ya...

— Fomula naijua, mwalimu. Lakini hewa nayo si inazungushwa humo ndani? Mbona haivuti?

Miaka yote aliyofundisha, Ilango hakuwahi kulieleza jambo hilo bila chaki. Akaweka bilauri chini.

— Twende.

Walikwenda wote mpaka kibanda cha pampu, Maragatham akiwa ameacha jiko likiwaka. Ilango alimwaga maji yaliyokuwamo ndani ya pampu, akaiwasha.

— Weka kiganja hapa. Unasikia nini?

— Inazunguka tu. Nyepesi.

— Zima, uinyweshe, uwashe tena.

Safari hii mlio ukabadilika, ukawa mzito. Bomba likatikisika. Macho ya Poongodi yakatanuka.

— Imeshika! Gurudumu la ndani linarusha maji nje, yakitoka yanaacha nafasi, mengine yanapanda kujaza. Hewa ni nyepesi, hairushiki. Ni kama kutupa pamba, inakuangukia miguuni!

— Hata mimi nimeelewa, alisema Simenti kwa mshangao.

Lakini Poongodi alikuwa amekunja uso.

— Mwalimu, sasa juzi, kabla sijaimiminia, maji yake yalikuwa yamekwenda wapi? Kama pampu ilikuwa kavu, basi yalirudi kisimani. Kuna valvu huko chini haizibi. Juzi niliituliza tu. Itagoma tena.

Ahadi ya Ilango, neno kwa neno, ilikuwa imesimama mbele yake na mikono iliyolowa.

Kwa mkuu alifika amechelewa, viatu vina tope. Alimweleza kwamba Poongodi amefaulu mbele ya mashahidi, na kwamba darasa zima lifanye mtihani upya, mmoja mmoja, kwenye pampu. Mkuu alifoka: wakaguzi wako mlangoni, nambari zitaporomoka! Ilango akamwomba aje aweke kiganja. Alikuja amenuna. Alikaa kule kibandani muda mrefu kuliko alivyokusudia, akauliza maswali mawili matatu, na alipotoka alisema, “Haya. Waite. Nambari zitakazopatikana ndizo tutakazowaonyesha.”

Alasiri foleni ilijipanga. Chini kisimani Poongodi na fundi wa chuo walikuwa wamemaliza kubadilisha valvu. Wa kwanza mlangoni alikuwa kijana wa maksi tisini na nne, jasho linamtoka. Ilango akawasha pampu kavu.

— Unasikia nini?

Kijana aliweka kiganja juu ya chuma.

— Inazunguka tu, mwalimu. Sijui kwa nini.

— Vizuri, alisema Ilango, akavuta kigoda. Tuanzie hapo.