Hellena Sikazwe na Riwaya ya Watu Watatu

Baba Paroko, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Kasense kwa baridi hii, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize niwaeleze dada yetu alitoka wapi na alipita wapi, maana wengi wenu mlimfahamu kwa kipande, wa ofisini mlimjua wa ofisini, wa jumuiya mlimjua wa jumuiya, na mwenyewe hakuwa mtu wa kutulia mahali pamoja mkamwona mzima.

Hellena Evaristi Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa hapa Kasense, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Evaristi na mama Kristiana, ambao wote wawili ni marehemu. Alisoma shule ya msingi hapa Kasense tangu mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Sumbawanga hadi kidato cha nne mwaka 1986, na dada zake wanasimulia kwamba akitumwa maji alirudi na ndoo nusu, si kwa uvivu, ila njiani alikuwa anamsimulia kila aliyekutana naye, na Hellena hakujua kusimulia bila mikono.

Mwaka 1988 alikwenda Tabora kusomea uhazili, akahitimu mwaka 1990, na Februari 1991 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi za halmashauri kule Namanyere, baadaye katibu muhtasi. Hapo alikutana na Ndimyake, fundi wa maji kutoka Tukuyu aliyekuwa amekuja kutandaza mabomba, wakafunga ndoa tarehe 6 Agosti 1994, na Mungu akawajalia watoto wawili, Asifiwe mwaka 1995 na Brightness mwaka 1999. Familia ilihamia Sumbawanga, na mwaka 2013 yeye akahamishiwa Matai, akapanga chumba huko, akawa anarudi nyumbani mwisho wa juma.

Kwa miaka zaidi ya ishirini aliandika maneno ya watu wengine, mihtasari ya vikao, barua za onyo, maombi ya likizo, na upweke wa chumba kile cha Matai ndio uliomfanya aanze kuandika ya kwake. Ilikuwa riwaya, habari ya mwanamke wa Ufipa anayeteremka hadi ziwani kumtafuta mume aliyeondoka na kuacha barua ya maneno manne. Aliandika sura tatu akazichana, akaandika tena akachana, akawa anainuka kwenye chakula na kwenda kufuta mstari mmoja, hata mwaka 2019 akamwambia mumewe sababu: kila mtu kwenye kitabu chake alikuwa anaongea kama barua ya halmashauri, mwanamke anayelia naye anasema husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndipo tarehe 2 Septemba mwaka huo alipobandika tangazo stendi ya Matai, na nakala tunayo: "Natafuta watu wawili wa kuandika nao riwaya. Si lazima wawe wasomi. Wawe wakweli na wasichoke haraka." Simu zilikuja nyingi, mmoja akauliza kama ni mradi wa wafadhili, mwingine akidhani mama anatafuta mchumba kwa njia ya kificho, na mwalimu kijana aliyekubali kweli akaacha mwezi wa pili kwa sababu maneno yake magumu yalikuwa yanatolewa. Katekista mmoja naye alidumu sura mbili, akitaka yule mwanamke atubu mwishoni mwa kila sura, mpaka Hellena akamwuliza kwa upole, "Sasa akishatubu, sura inayofuata aende wapi?"

Waliobaki ni wawili. Wa kwanza ni Adela, mkunga mstaafu wa Matai, aliyefika akiwa na miwani iliyofungwa uzi, akasema hajawahi kuandika kitu zaidi ya kadi za kliniki lakini anajua watu husema nini wanapoumwa. Wa pili ni Jafeti, mfanyabiashara wa samaki, mwenyeji wa Mbeya aliyehamia Kasanga, kando ya ziwa, anayepita Matai na samaki wake wa migebuka kila wiki, na huyu aliianza kazi kwa kumkosoa mwenye tangazo, "Mama, ziwa lako halina harufu. Watu wameshuka mtumbwini, wamekauka kama wametoka benki."

Kuanzia hapo walikutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi nyumbani kwa Adela, kila mmoja na daftari lake, Jafeti akiandika ya ziwani, Adela ya nyumbani na ya wanawake, Hellena akiunganisha na kupiga chapa. Katikati ya mwezi alikuwa hatulii, anampigia Jafeti simu akiwa mnadani kumwuliza upepo wa asubuhi unatoka upande gani, anamsimamisha Adela kanisani kumwuliza mama mkwe wa enzi za zamani angekaa upande upi wa moto, na sisi ndugu tulizoea kumwona akiwa nasi mezani huku midomo yake inacheza, anajaribu namna mtu fulani angesema jambo fulani.

Familia iliona vema isifiche kwamba ushirika huo ulivunjika, na kosa lilikuwa lake. Mwezi Mei 2022 Adela alileta sura ambamo yule mwanamke anajifungua njiani, na Hellena, kwa haraka yake, akaipiga chapa akiibadilisha karibu yote bila kumwuliza mwenyewe. Siku ya kusoma, Adela alisikiliza kurasa mbili, akavua miwani.

"Mama Asifiwe, huyu anayezaa humu si wangu. Huyu anazaa ofisini."

"Dada Adela, nimenyoosha lugha tu."

"Uliandika stendi kwamba unatafuta wakweli. Umetupata, halafu unatunyoosha." Akachukua daftari lake akaingia ndani, na Jafeti akaondoka bila kumaliza chai.

Miezi saba iliyofuata ilikuwa migumu kwake kuliko tulivyojua wakati ule. Alijaribu kumaliza kitabu peke yake akashindwa, akalima bustani akaiacha katikati, akahamisha vitanda vya nyumba nzima mara mbili, akawa anaanza safari ya kwenda kwa Adela na kugeuza njiani. Tarehe 17 Desemba 2022 alifika mlangoni kwa Adela akiwa na muswada wote na kalamu nyekundu, akampa vyote viwili, akamwambia akate chochote ambacho mtu wa kweli hawezi kukisema. Adela alikata kurasa kumi na moja mbele yake, bila huruma, nyingine zikiwa zile Hellena alizozipenda kuliko zote, na Hellena alikaa kwenye kigoda akitazama, mikono kaikalia. Ukurasa wa kumi na moja ulipokwisha Adela alisema, "Haya, mpigie muuza samaki." Sura ya kujifungua ilirudishwa kama ilivyokuwa, neno kwa neno.

Hellena alistaafu kwa hiari mwaka 2023 akarudi hapa Kasense, na Agosti 2024 alianza kusumbuliwa na tumbo, akatibiwa Sumbawanga, kisha akapewa rufaa kwenda Mbeya, ambako Oktoba iligundulika kuwa ni saratani. Badala ya kupunguza kasi aliiongeza, akawaita wenzake waje kila wiki, akawa anaandika akiwa amejipinda kwa maumivu, hata Januari mwaka huu Ndimyake akayafungia madaftari kabatini na kumwambia, "Hiyo riwaya itakumaliza." Naye akamjibu, "Baba Asifiwe, kinachonimaliza daktari ametutajia jina lake. Riwaya ndiyo inayoniamsha." Shemeji yetu alikaa na ufunguo siku mbili. Siku ya tatu alifungua kabati, akavuta kiti kando ya kitanda, na kuanzia hapo, mkono wa mkewe uliposhindwa kushika kalamu, fundi wa mabomba ndiye aliyeandika alichoambiwa, mara nyingi akisimamishwa kwa sababu ya nukta.

Mabishano ya mwisho yalikuwa juu ya mwisho wenyewe, Jafeti akitaka yule mwanamke abaki ziwani na maisha yake mapya, Adela akitaka apande tena Ufipa na mtoto wake mgongoni, na Hellena akibadili mawazo kila kukicha. Tarehe 10 Juni 2025 saa nne asubuhi, wodini Sumbawanga, Jafeti alimsomea sura ya ishirini na tatu, ambamo mwanamke anapanda mlima. Alisikiliza akiwa amefumba macho, wote wakadhani amelala, kisha akasema, "Hapo pa mvua bado. Mmeharakisha." Ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia vizuri. Alifariki siku iliyofuata, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Sumbawanga na Mbeya, walioruhusu hata makaratasi kitandani, majirani wa Kasense waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa Namanyere na Matai, na jumuiya yake. Dada Adela, ndugu Jafeti, muswada tunawakabidhi leo mbele ya watu wote, una majina matatu, nasi hatutaondoa hata moja. Jana mchana, hapa hapa msibani, mlianza kubishana kuhusu ile mvua mkapandisha sauti, mtu mmoja akainuka kuja kuwanyamazisha, na Ndimyake akamshika mkono akasema, "Waache. Wako kazini."

Hellena, tumezoea kukuona ukiinuka. Leo ulale, mama, Mungu akupe utulivu ambao sisi hatukuweza kukupa.