Mama Faili na Mlango wa Chumba cha Mashine

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, afisa utumishi wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda hiki cha kushona sare. Alianza kama karani wa masjala, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, na jina la Mama Faili likamganda wiki ileile ya kwanza. Mumewe hudai kwamba hata picha za harusi yao zimepangwa kwa tarehe, na anayetaka kuziangalia sharti asaini.

Mwaka wake wa kumi na saba ulimwachia jeraha. Alikuwa likizo maafisa wa uhamiaji walipofika ghafla. Mlinzi alifungua geti bila kuuliza lolote. Mafundi waliacha mashine zikinguruma, wakakimbilia ngazi za nyuma, na fundi pasi mmoja, mama wa watoto watatu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kibali chake cha kuishi na kufanya kazi nchini kilikuwa halali kabisa, ila kilikuwa kimefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao Mama Faili nyumbani.

Hakuna aliyemlaumu, alijilaumu mwenyewe. Alipokwenda hospitalini kuomba radhi, fundi pasi alimwambia, "Dada, sikukimbia kwa sababu nina kosa. Nilikimbia kwa sababu wenzangu walikimbia."

Kesho yake Mama Faili alikuwa kwa mkurugenzi, akitaka wafanyakazi wote wafundishwe. Mkurugenzi alisita. "Si utawatia watu hofu bure?"

"Hofu wanayo tayari, bosi. Maelekezo ndiyo hawana."

Akapewa ruhusa, na hakupoteza muda. Nakala za vibali zikawekwa mahali panapofikika. Kila kibali kilichobakiza miezi mitatu, mwenyewe alifuatwa mpaka kwenye mashine yake. Mwanasheria alikuja kutueleza haki zetu na wajibu wetu: usikimbie, usidanganye, usifiche mtu wala karatasi. Walinzi walijifunza kuwakaribisha wageni mapokezi kwa adabu na kumwita msimamizi asome hati yao ya ukaguzi kabla mlango wa ndani haujafunguliwa. Kila mmoja wetu aliandika namba ya ndugu wa kupigiwa simu. Tulifanya hata mazoezi, mpishi wa kantini akiigiza afisa wa uhamiaji. Cheo kilimpanda kichwani, akataka kumkamata mkurugenzi kwa kukosa kitambulisho.

Walirudi kweli, Jumanne moja saa nne asubuhi, miaka miwili iliyopita. Maafisa wanne walikaa mapokezi. Mama Faili alikuja akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, akasoma hati mstari kwa mstari. Iliruhusu kukagua mafaili ofisini, na ilimtaja mkata vitambaa mmoja.

"Mafaili haya hapa," alisema. "Huyo kijana wetu nitamwita mwenyewe. Chumba cha mashine hakimo kwenye karatasi hii, afande."

Mkuu wao aliisoma tena. Kisha akaitikia kwa kichwa, akabaki kitini.

Mkata vitambaa alikuja kwa miguu yake. Kibali chake kilikuwa kimeisha, na ombi la kukiongeza muda lilikuwa bado halijajibiwa. Wakamchukua. Mama Faili hakuweza kuzuia hilo, wala hakujaribu kudanganya. Lakini kijana aliondoka na nakala ya ombi lake mkononi, mkewe alijua kabla gari halijatoka getini, na mwanasheria alimtangulia kituoni. Baada ya siku tisa alirudi kazini. Siku ile ya ukaguzi hakuna aliyekimbia, wala aliyeumia. Tulipokwenda kumpongeza Mama Faili, tulimkuta amejifungia masjala akilia, na ilibidi tumsubiri.

Mama Faili, asante kwa kutulinda bila kupiga kelele, na kwa kutujua kila mtu kwa jina, si kwa namba ya faili. Nenda ukapumzike na mzee wako. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na chai unayoinywa mpaka tone la mwisho bila simu ya getini kuipoza.