Mto Uliobeba Jina la Jirani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Léontine Haché, aliyetuaga Jumanne akiwa na miaka themanini na minne. Léontine wa darajani. Yule aliyemshuku hata padri.

Mto wake mnaujua. Unatoka kwenye kinamasi cha misonobari, unapinda kama mkono uliokunjwa, halafu unaingia ghubani. Ndiyo maana wazee waliuita Kiwiko. Lakini kwenye ramani ukaitwa Mto Mallet, na hapo ndipo palipomuuma.

Kaka yake, Anselme, alizama mtoni humo barafu ilipopasuka. Walikwenda wawili kuvua. Akarudi mmoja: jirani yao, Fidèle Mallet. Baadaye akapita afisa wa ramani akiuliza majina. Ramani ilipotoka, mto ukawa wa Mallet.

"Kwanza kaka yangu, sasa mto," alisema Léontine. Tangu siku hiyo hakumsalimu Fidèle. Kanisani alikaa nyuma yake makusudi, aone anavyosali.

Majira ya baridi yaliyopita, gari la kuzoa theluji liliangusha kibao cha darajani. Halmashauri ikauliza kipya kiandikwe nini. Fidèle akaja na mkongojo wake, akabisha hodi kwa Léontine. Ginette, mtoto wa mdogo wake Léontine, alikuwepo. Anasimulia:

"Mama mkubwa alimwuliza, 'Umekuja kuchukua nini tena?' Mzee akasema, 'Yule afisa aliniuliza mto unaitwaje. Nilitaka kusema ni wa Anselme. Nikaanza kulia kabla sijalitaja jina. Akaandika jina alilolikuta mlangoni kwangu.'

"'Na miaka yote hii hukuwa na mdomo?'

"'Mdomo ulikuwepo, Léontine. Mlango ndio uliofungwa.'"

Léontine akampakulia supu ya kuku na viazi, akamkazia macho mpaka kijiko cha mwisho. Fidèle akaenda halmashauri, akaomba kibao kipya kiandikwe Mto Anselme. Kikaandikwa.

Ginette alimwuliza, "Sasa umemwamini?"

"Nusu," akajibu Léontine. "Nusu nyingine nitamwuliza Anselme mwenyewe."

Poleni, familia ya Haché. Pole nawe, mzee Fidèle, najua unatusikiliza. Na wewe uliyeko jikoni: yupo mtu uliyemhukumu zamani, na hujawahi kumwuliza? Mwulize angali anaweza kujibu.