Panga la Kumi na Nne

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani wa Nyamasale, wenzake marehemu mliotoka Nyakato na shemeji zetu mliovuka kutoka Kagera, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho, Elias, awasomee maisha ya kaka yetu, na mtatuvumilia mahali sauti itakapokwama, kwa sababu karatasi hii tumeiandika mara tatu na mara zote tatu tumelia.

Marehemu Yakobo Chenge Malimi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Nyamasale, kando ya barabara ya kwenda Kigongo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Chenge Malimi na Mama Getruda, ambao wote wametangulia. Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1966 akamaliza mwaka 1972, hakuendelea kwa sababu ng'ombe walihitaji mchungaji, lakini alitoka na mwandiko ambao mwalimu mkuu mwenyewe aliuonea wivu, ikawa kila mzee mwenye barua ya kumpelekea mtoto wa mjini anakuja kwetu na kuku mkononi, na sisi wadogo zake tulikula kuku wengi kwa ajili ya mwandiko ule.

Mwaka 1978 alijiunga na jeshi akapelekwa Kagera vitani, na huko ndiko alikomkuta Kokulinda, binti wa miaka kumi na saba aliyekimbia kwao na mama yake, wamebeba birika moja na blanketi moja, huku redio ya upande wa pili ikitangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyotangulia kuvamia. Shemeji yetu hakulisahau tangazo lile, amelisimulia miaka yote jikoni kwake, kwamba nyumba yao inaungua na mtu yuko redioni anasema wao ndio waliowasha moto, na humalizia kwa kusema kuwa asiyekutaka hakuambii toka, anakutafutia neno kwanza. Kaka alikuwa akicheka, anamwambia, mke wangu, hayo ni mambo ya vita, vita vimekwisha. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Septemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, Sabina mwaka 1983, Venant mwaka 1986 na Deodatus mwaka 1990, na wajukuu sita.

Kuanzia mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2012 marehemu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Nyakato, miaka thelathini na mmoja, na wenzake mliopo hapa mnajua kwamba spana haikutoka bila jina na haikurudi bila alama ya vema, hata bosi alisainishwa. Alikuwa msumbufu, tuseme ukweli, lakini hakuna mtu aliyewahi kusingiziwa wizi katika stoo ya Yakobo, na aliamini mpaka kwenye mifupa kwamba mtu aliyeandika vizuri hana cha kuogopa.

Alirudi kijijini mwaka 2013 akachaguliwa katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Desturi yetu mnaijua, jirani akifa kila mwanaume anakuja na kifaa chake, huyu jembe, huyu sururu, yule panga la kukatia mizizi na miti ya kibanda, na mnajua pia kwamba jioni yake hakukosi ugomvi, panga la fulani limeondoka na fulani. Kaka akanunua daftari kubwa, akapiga mistari, jina, kifaa, na safu ya mwisho akaiandika "Limerudi". Watu walimtania, wakamuuliza kama atawaandikia na machozi, lakini ugomvi ukaisha, na kwa miaka mitano tulizikana kwa amani.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilibishana kama pasomwe, na mjane amesema pasomwe. Mwaka 2018 tuliambiwa tuhame mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa, kupisha mradi, tukakataa, tukaomba mkutano na wakubwa, tena kwa barua aliyoiandika marehemu, na barua haikujibiwa. Tarehe 9 Agosti alifariki bibi yetu Adventina, na asubuhi ya tarehe 11 wanaume walikuwa makaburini wakichimba, yakaja magari mawili ya askari. Wangetafuta nini pale, jamani, zaidi ya watu wenye mapanga waliosimama pamoja? Mkubwa wao akaliona daftari, akauliza ni la nani, na kaka yetu akasogea mbele, akasema ni lake, akamfafanulia jina kwa jina, akiwa na furaha kabisa kwamba leo kazi yake itawaokoa watu. Mkubwa yule akahesabu mapanga akapata kumi na matatu. Marehemu, karani wa miaka thelathini na mmoja, akamsahihisha kwa heshima zote, akasema hapana afande, ni kumi na manne, moja liko shimoni na kijana wetu Pius.

Pius alikuwa ameinama kaburini akikata mizizi, udongo umemficha, na hakuna askari aliyekuwa amemwona. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto pekee wa jirani yetu Odeta.

Wanaume kumi na wanane walichukuliwa siku ile, kaka yetu na Pius wakiwamo, pamoja na vifaa vyao na daftari, bibi akazikwa na wanawake waliomalizia kaburi kwa majembe ya kupalilia, na baada ya siku mbili redio ikatangaza kwamba limegunduliwa kundi lenye silaha kando ya ziwa, lina orodha ya wapiganaji na silaha ya kila mmoja, imeandikwa na mtu aliyepitia mafunzo ya kijeshi. Shemeji yetu alizima redio, akakaa chini sakafuni, akasema limepatikana neno. Kwa ajili ya usalama mikutano ikapigwa marufuku mwambao mzima, mwezi wa tisa nyumba za mwaloni zikabomolewa, uzio ukawekwa. Kesi haikusikilizwa hata siku moja. Pius alianza kukohoa mwezi wa kumi na mbili, kaka akimfunika kwa shati lake, na wenzao wanasema kijana hakuwahi kumlaumu, aliendelea kumwita Baba Katibu na kumtania kwamba asisahau kumwekea alama panga lake likirudi. Alifariki mahabusu tarehe 3 Februari 2019. Mwezi Juni waliobaki waliachiwa, wakaambiwa hakuna nia ya kuendelea na mashtaka, nendeni nyumbani, na kweli uzio ulikuwa umeshakamilika, wale wapiganaji hawakuwa na kazi tena. Hakuna aliyesema pole. Mapanga na daftari havijarudi mpaka leo.

Tangu siku hiyo marehemu hakushika kalamu. Kila Jumapili baada ya misa alipita kwa Odeta kumsalimu, na Odeta alimtazama tu akaingia ndani, miaka sita, na kaka hakuacha kwenda, hakumlaumu, alituambia mama yule ana haki yake. Kijiji nacho kikaogopa, waliokufa wakachimbiwa na vibarua wa kukodi kutoka Mkuyuni, watu wakaja misibani mikono mitupu.

Mwezi Machi 2023 marehemu alipata kiharusi kilichochukua mkono wa kulia, akatibiwa mjini Mwanza, akapata nafuu, hali ikabadilika mwezi uliopita, na tarehe 6 Mei 2025 saa nne asubuhi akafariki akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Aliacha agizo moja, kwamba azikwe na vibarua, asije jirani na kifaa kwa ajili yake, kwa sababu hataki mtu mwingine achukuliwe kwa jina lake.

Kaka, utatusamehe, agizo hilo limetushinda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko, wenzake wa kiwandani, na majirani wote. Na tunamshukuru mtu mmoja kwa jina. Leo asubuhi, kabla vibarua hawajafika, Mama Odeta alikuja peke yake na jembe begani, akasimama mbele ya Sabina, binti wa marehemu, akamwambia kwamba mazishi ya Yakobo hayawezi kwenda bila daftari, amwandike. Sabina alitafuta karatasi, akaandika, Odeta, jembe moja. Mama akaangalia, akasema bado, juu yake aandikwe mwanawe, Pius, panga moja. Ndipo wengine mkaenda majumbani mkaleta vifaa vyenu, mkaandikwa, mkachimba, na vibarua wamerudi walikotoka.

Kaburi liko tayari, kaka. Jioni jembe la Odeta litarudi kwa mwenyewe na Sabina ataweka alama, na mstari wa Pius tutauacha bila alama, kama ulivyouacha wewe. Nenda ukapumzike kwa amani, Katibu, safari hii tumeandika wote.