Siku Shangazi Alipoutaja Mzizi

Ndugu zangu wa Ilomba, Bwana asifiwe! Mnajua mimi si msemaji. Leo nimesimama kwa sababu nikiendelea kuketi nitakuwa mwizi wa sifa za Mungu.

Mwaka wa hamsini na tatu tulilima mpunga Ubaruku. Mume wangu, Baba Sekela, akaugua ini. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Shangazi yake, mchimba dawa, alimchemshia mizizi ya aina mbili, mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Kwetu mzizi wa dawa hautajwi jina. Ukiutaja, nguvu inatoka. Alikunywa mpaka siku tuliyomzika. Machozi ya kumlilia hayajanikauka.

Mvua zilizofuata, macho yangu nayo yakageuka manjano! Shangazi akanichemshia mizizi ile ile. Nilipozidiwa nikapandishwa lori la mpunga hadi hospitali ya misheni, upande wa Iringa. Daktari akaniuliza, "Mama, umekunywa dawa gani?"

"Maji tu."

Nilidanganya, ndugu zangu! Kila asubuhi aliuliza, kila asubuhi nilijibu maji, na kibuyu cha dawa kipo chini ya kitanda, usiku nakunywa. Nikazidi kudhoofu. Nikaomba, "Bwana, usiwafanye wanangu yatima mara mbili."

Siku ya tano Shangazi alifika na kapu lake, akamkuta daktari kando ya kitanda changu.

"Mama Sekela, umemwambia?"

"Hapana, Shangazi. Ni mwiko."

"Mwiko ni wangu! Nimemzika mtoto wa kaka yangu. Nikuzike na wewe ndipo mwiko ushibe?"

Akaiweka mizizi mezani, akaitaja majina yote mawili kwa sauti. Hapo Bwana alinigusa! Nikainama, nikatoa kibuyu.

Daktari aliwanywesha sungura aliowafuga pale hospitali, kila mzizi na sungura wake. Waliokunywa ule mwekundu walikonda, na alipowapasua, maini yao yalikuwa yameharibika. Waliokunywa mweupe waliendelea kutafuna majani.

"Huu mweupe haukuwadhuru," alisema. "Kama unaponya, bado sijui."

Shangazi akacheka. "Si uwaulize hao sungura, Bwana Mganga!"

Mimi nilikuwa nimeacha kunywa. Wiki kwa wiki manjano yakapungua, hata nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Sisemi mzizi ndio uliomuua mume wangu. Aliugua kabla ya kuunywa, na daktari alisema hajui. Nami sijui. Nasema nilichokiona.

Shangazi yule pale, benchi la pili. Mwekundu ameutupa. Mweupe hampi mtu bila kumtajia jina lake, ili akamweleze daktari.

Namshukuru Mungu! Ndugu yangu unayeficha kibuyu chini ya kitanda, mtegemee Yeye, ukiulizwa umekunywa nini, jibu. Hakuna mzizi ambao Bwana halijui jina lake. Yeye ndiye aliyeupanda.